Namna ya Kukabiliana na Usaili wa Kazi Usiokwisha

Upo usaili wa kazi unaokamilika ndani ya wiki mbili, na upo ule unaoanza kwa simu ya dakika 20, ukafuatwa na mtihani wa mchujo, mahojiano ya jopo, zoezi la kufanyia nyumbani na mazungumzo na mkuu wa idara, kisha kimya cha wiki tano, na baada ya kimya hicho ikaja barua pepe inayokuomba urudi "kwa mazungumzo mafupi" na mtu ambaye jina lake halijawahi kutajwa. Mwongozo huu ni wa huo wa pili. Haufundishi kujibu maswali ya jopo, kwa kuwa mafunzo ya aina hiyo hayana uhaba; unaeleza jinsi ya kupita katika mchakato ambao huna mamlaka ya kuuharakisha bila kupoteza kazi uliyonayo, nafasi nyingine ulizoomba, wala usingizi. Unachoweza kufanya ni kupima mapema muda, kazi na matumaini utakayouwekea mchakato huo. Vipimo hivyo hupangwa mwanzoni, kwa sababu mtu aliyekwisha kusailiwa mara nne hana tena utulivu wa kupanga. Amebaki na shauku na hasira.

Kwanza, fahamu kinachowachelewesha

Anayekupigia simu kutoka idara ya rasilimali watu mara nyingi siye anayeamua. Yeye hupanga tarehe, hukusanya maoni ya jopo na kusubiri saini za wakubwa wake, na pengine hajui zaidi yako ni lini saini hizo zitapatikana. Nyuma yake huweza kuwa na bajeti iliyosimamishwa, mkuu wa idara aliye safarini, jopo lisiloafikiana, au mfanyakazi wa ndani ambaye uongozi umeanza kufikiria kumpandisha baada ya tangazo kutoka.

Sababu moja inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayozaa kimya kirefu kuliko zote: huenda wewe ni wa pili. Jopo limempa mtu mwingine barua ya kazi, naye anajadiliana mshahara, au amekubali kwa mdomo lakini hajasaini, na mwajiri hataki kukuambia umekosa kabla hajawa na uhakika na huyo wa kwanza. Dalili zake ni majibu yanayokuwa ya adabu zaidi huku yakipungua maana, kama vile "bado tunakamilisha taratibu" au "tutakujulisha punde", bila tarehe na bila swali lolote jipya kwako. Hali hiyo huudhi, lakini si dharau. Nimeshuhudia mtu wa pili akiajiriwa baada ya yule wa kwanza kuitumia barua yake ya kazi kuombea nyongeza ya mshahara alikokuwa, akaipata, akabaki hukohuko.

Ni vema pia kuacha kudhani kwamba hatua nyingi ni ushahidi wa umakini. Kampuni ya Google, ilipochambua takwimu zake yenyewe za ajira, iliona kuwa wasaili wanne walitosha kufikia uamuzi kwa uhakika wa asilimia 86, na kwamba kila aliyeongezwa baada ya hapo aliongeza takriban asilimia 1 tu. Watafiti wa saikolojia ya kazi nao wamerudia jambo hili kwa njia nyingine: Frank Schmidt na John Hunter katika uchambuzi wao wa mwaka 1998, kisha Paul Sackett na wenzake mwaka 2022, walionyesha kuwa usaili wenye mpangilio, yaani ule ambao waombaji wote huulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilivyokubaliwa kabla, hutabiri utendaji kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya kujiendea. Kinachoupa usaili thamani, basi, ni mpangilio wake. Ukifika hatua ya tatu na msaili mpya akafungua kikao kwa "hebu tuelezee kidogo kuhusu wewe", kana kwamba hakuna aliyeandika lolote katika vikao viwili vilivyotangulia, umepata taarifa muhimu kuhusu namna watu hao wanavyofanya kazi pamoja. Iandike.

Uliza mapema, ukiwa bado hujachoka

Simu ya kwanza ndiyo nafasi nzuri ya kuuliza, kwa kuwa kila mtu bado ana moyo mkunjufu na hakuna anayedhani unalalamika. Uliza zimebaki hatua ngapi na kila hatua inahusu nini. Uliza nani atafanya uamuzi wa mwisho, na kama utakutana naye. Uliza kama nafasi hiyo ni mpya au inajaza pengo la mtu aliyeondoka, na kama imekwisha kuidhinishwa pamoja na fedha zake, kwani kuna waajiri wanaosaili kwanza na kuomba idhini baadaye. Uliza wangependa mtu aanze kazi lini. Jibu la swali hili husema mengi, kwa sababu ofisi inayotaka mtu baada ya mwezi mmoja haiwezi kuwa na hatua sita za usaili mbele yake bila kujidanganya.

Maneno hayana haja ya kuwa makali. Inatosha kusema: "Ili nijipange vizuri na kazi niliyonayo sasa, ningeshukuru kufahamu hatua zilizobaki na muda mnaotarajia kuzikamilisha." Mtu akishindwa kabisa kujibu hilo, usimshikie bango, lakini punguza matarajio yako tangu siku hiyo.

Kuhusu mshahara, waombaji wengi husubiri hadi mwisho wakiogopa kuonekana wana tamaa, kisha hugundua baada ya miezi mitatu kwamba kiwango kilichopangwa ni cha chini kuliko wanacholipwa sasa. Sheria za sehemu mbalimbali zimeanza kuliondoa tatizo hilo: jimbo la Colorado nchini Marekani linawataka waajiri kutaja kiwango katika tangazo la kazi tangu mwaka 2021, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo linalompa mwombaji haki ya kujua mshahara wa kuanzia au kiwango chake kabla ya kuajiriwa, likazipa nchi wanachama hadi Juni 7, 2026 kuliingiza katika sheria zao. Hata pale ambapo sheria haisemi kitu, swali lenyewe si utovu wa adabu. Sema: "Kabla hatujaendelea na kuchukuliana muda, je, kiwango cha mshahara kilichopangwa kwa nafasi hii ni kipi?" Ukipewa jibu, liandike pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa.

Tunza daftari

Siku unayotuma maombi, hifadhi nakala ya tangazo la kazi. Matangazo huondolewa muda wa maombi unapokwisha, na katika hatua ya tano, jopo linapoanza kuzungumzia majukumu ambayo hukuyasikia mwanzoni, utahitaji kujua kama umesahau au wamebadilisha kazi yenyewe. Hifadhi pia wasifu na barua ya maombi uliyowatumia wao hasa, kwa sababu ukiwa umeomba sehemu kumi, kila moja ina toleo lake.

Baada ya kila kikao, kabla hujalala, andika tarehe, majina na vyeo vya waliokuwapo, maswali waliyouliza, mifano uliyoitoa, na ahadi waliyoiacha. Mchakato mrefu una mtego wake: ukirudia mfano uleule mbele ya watu walewale unaonekana huna mwingine, na ukitaja takwimu tofauti kidogo na ya mwezi uliopita unaonekana mwongo. Nusu ukurasa kwa kila kikao unatosha.

Kufuatilia bila kusumbua

Hapa ndipo wengi hukosea kwa pande zote mbili. Wapo wanaokaa kimya miezi miwili wakiamini kuwa kuuliza ni kujishusha, na wapo wanaopiga simu kila asubuhi. Utaratibu ninaoushauri ni huu. Ndani ya siku moja baada ya kikao, tuma ujumbe mfupi wa shukrani wenye jambo moja halisi lililozungumzwa. Kama walitaja tarehe ya kukujulisha, ipite kwa siku mbili za kazi ndipo uulize. Kama hawakutaja, subiri siku saba za kazi. Ukikosa jibu, andika mara ya pili baada ya wiki mbili nyingine, na mara ya tatu, ambayo iwe ya mwisho, baada ya wiki mbili zaidi.

Ujumbe wa kufuatilia unaoishia na "nasubiri kusikia kutoka kwenu" haujibiki, kwa sababu hauulizi kitu. Weka swali linaloweza kujibiwa kwa mstari mmoja, kama katika mfano huu:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu, habari za kazi. Nilisailiwa tarehe 4 kwa nafasi ya mhasibu mwandamizi, nikaelezwa kwamba uamuzi ungefanyika kabla ya mwisho wa mwezi. Bado naipenda nafasi hiyo. Naomba kufahamu mambo mawili: je, uamuzi umekwisha kufanyika, na kama bado, kuna hatua nyingine ninayopaswa kujiandaa nayo? Nashukuru kwa muda wako."

Ujumbe huo hauna lawama, hauombi radhi kwa kuuliza, na unamkumbusha mpokeaji kile alichosema mwenyewe. Tumia njia moja ya mawasiliano na mtu mmoja. Kumtafuta mjumbe wa jopo kwa simu yake binafsi, au kumtuma jamaa unayemfahamu ndani ya ofisi "akachungulie", humweka kila mtu pabaya, na huyo jamaa mara nyingi hukuletea uvumi badala ya habari.

Kama unahitaji kipimo cha kujua kimya kimezidi lini, jimbo la Ontario nchini Kanada limetoa kimoja kizuri. Tangu Januari 1, 2026, mwajiri wa huko mwenye wafanyakazi 25 au zaidi, akishatangaza nafasi hadharani, anatakiwa kisheria kumjulisha aliyesailiwa kama uamuzi wa kuajiri umefanyika, ndani ya siku 45 tangu usaili wake wa mwisho. Hata kama uko mbali na sheria hiyo, siku 45 zinaweza kuwa mstari wako mwenyewe. Zikipita bila neno, nafasi hiyo hamishia kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari.

Zoezi la nyumbani

Zoezi la vitendo ni kipimo halali na pengine cha haki kuliko mahojiano, maana linaonyesha unachoweza badala ya unavyojieleza. Shida huanza linapokua. Mimi mwenyewe niliwahi kuandaa mpango kazi wa mwaka mzima kwa ajili ya ofisi moja, nikauwasilisha mbele ya jopo, nikaitwa kuuwasilisha tena kwa kuwa mkurugenzi hakuwapo, kisha nikaombwa niuongezee sehemu ya bajeti "ili uongozi uone picha kamili". Mwezi wa tano nikaelezwa kuwa nafasi imesitishwa. Sijui kama mpango ule ulitumika. Ninachojua ni kwamba nilitumia jioni kumi na moja, na hakuna aliyenilazimisha. Hakuna hata mara moja nilipouliza mwisho wa zoezi ni wapi.

Kwa hiyo uliza. Kabla ya kuanza, omba kujua zoezi linatarajiwa kuchukua saa ngapi, nani atalisoma, litapimwa kwa vigezo gani, na kama utapata nafasi ya kulijadili na waliolisoma. Mimi huona saa tatu hadi nne ni kiasi cha haki kwa zoezi lisilolipwa. Likizidi hapo, unaweza kuandika: "Naweza kutenga saa nne kwa zoezi hili. Ndani ya muda huo nitakamilisha sehemu ya kwanza na kueleza kwa muhtasari jinsi ambavyo ningeshughulikia zilizobaki. Kama mnahitaji kazi kamili, niko tayari tuzungumzie malipo." Mwajiri makini hukubali, na anayekasirishwa na sentensi hiyo amekuonyesha mapema namna atakavyohesabu saa zako za ziada.

Pima pia kama zoezi ni la mfano au ni tatizo lao halisi la wiki hii. Wakikupa majina ya wateja wao wa kweli, takwimu zao za robo mwaka na tarehe ya mwisho inayolingana na ya mradi wao, hiyo si tena mtihani. Katika hali kama hiyo eleza mbinu badala ya kutoa bidhaa iliyokamilika, weka jina lako na tarehe kwenye kila ukurasa, na tuma faili lisilohaririwa kwa urahisi. Njia nyingine, ambayo hutumika kidogo kuliko inavyostahili, ni kupendekeza kuwaonyesha kazi uliyokwisha kuifanya huko nyuma, mradi haina siri za mwajiri wako.

Na iwapo mwisho wa mzunguko wote huo unaombwa fedha, ziwe za vipimo vya afya, mafunzo, sare au "kufungua faili", simama hapohapo. Kifungu cha 7 cha Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kinakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, kwa kanuni ya jumla na kwa mianya michache tu. Matapeli nao wamejifunza kurefusha usaili, kwa sababu aliyesubiri sana huona uchungu kurudi nyuma.

Maisha yako yaendelee

Usisimamishe maombi mengine. Hili husemwa kila mara na hupuuzwa kila mara, hasa baada ya kikao kilichokwenda vizuri, msaili akakuonyesha hadi dawati utakalokalia. Dawati si barua. Njia ya kujilinda ni kuweka kanuni ya vitendo: kila unapotoka katika kikao cha mwajiri mmoja, tuma walau ombi moja kwa mwajiri mwingine ndani ya wiki hiyohiyo.

Ruhusa za kutoka kazini huisha haraka. Ukiitwa mara ya tatu, omba vikao viwili vinavyofuata viunganishwe siku moja, au vifanyike asubuhi kabla ya saa za kazi. Wadhamini wako nao watunze; usitoe namba zao hadi ujulishwe kwamba umefika hatua ya mwisho, na uwaarifu kabla hawajapigiwa, maana mdhamini aliyepigiwa na waajiri wanne ndani ya miezi miwili huanza kujibu kwa mkato.

Ukipata barua ya kazi kutoka kwingine, ni haki kuwajulisha wale wanaokupiga danadana, kwa sharti kwamba barua hiyo ipo kweli. Waeleze kuwa umepewa nafasi, kwamba unatakiwa kujibu ifikapo tarehe fulani, na kwamba ungependelea kusikia uamuzi wao kabla ya hapo. Saini iliyokuwa ikitafutwa kwa wiki sita huweza kupatikana ndani ya siku mbili. Isipopatikana, umejibiwa pia. Kutishia kwa barua isiyokuwapo ni kamari mbaya, kwani jibu la kawaida huwa "hongera, tunakutakia kila la heri".

Kuondoka

Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha majaribio kuhusu watu wanaoendelea na jambo kwa sababu tu wamekwisha kuligharamia. Katika jaribio moja, waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu wa tamthilia walihudhuria maonyesho mengi zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko waliopunguziwa bei, ingawa tamthilia zilikuwa zilezile. Hatua ya sita ya usaili hukaliwa kwa sababu hiyohiyo: zile tano zilizopita. Swali sahihi halihusu ulichokwisha kutoa. Jiulize kama, ukialikwa leo kwa mara ya kwanza, ukijua yote unayoyajua sasa kuhusu ofisi hiyo, ungeomba kazi hiyo.

Kama jibu ni hapana, andika kwa ufupi na bila kisirani: "Nashukuru kwa muda wenu na kwa kunifikiria. Baada ya kutafakari, nimeamua kutoendelea na mchakato wa nafasi hii. Nawatakia mafanikio katika kumpata anayefaa." Usieleze sababu usipoulizwa. Ukiulizwa, taja mambo mawili ya hakika, kwa mfano idadi ya vikao na tarehe zilizobadilishwa, na uishie hapo. Afisa anayekuuliza huenda amekuwa akitafuta ushahidi wa kuupeleka kwa wakubwa wake.

Wakati mwingine wao ndio hurudi. Baada ya miezi minne simu hulia, sauti ni changamfu kana kwamba mliagana jana, na unaombwa ufike keshokutwa. Usikubali wala kukataa kwenye simu hiyo. Uliza kilichobadilika tangu mlipozungumza mara ya mwisho, kama nafasi ni ileile na kwa kiwango kilekile cha mshahara ulichokiandika, na kama mtaendelea pale mlipoishia au wanakusudia kuanza upya. Wakitaka kuanza upya, una haki ya kuomba kwanza mazungumzo na mwenye uamuzi. Wakikupa kazi, furahi, lakini usiandike notisi ya kuacha ulipo hadi uwe na mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, unaotaja cheo, mshahara, muda wa majaribio na tarehe ya kuanza. Ofisi iliyochukua miezi minne kukuamulia huweza kuchukua mwezi mwingine kuuchapa.